Maswali na Majibu: Mshtuko wa moyo kwa mwenye kisukari

Swali: Baba ana kisukari. Alilazwa kwa kichefuchefu na pumzi kukata, tukaambiwa ni mshtuko wa moyo. Kifua hakikumuuma hata kidogo. Inawezekana?

Inawezekana kabisa, na poleni sana. Kisukari cha miaka mingi huharibu mishipa ya fahamu. Ikiharibika miguuni huleta ganzi. Ikiharibika moyoni, msuli unaweza kukosa damu na mwenyewe asisikie maumivu. Anachoona ni uchovu wa ghafla, jasho, kichefuchefu au kuhema. Wengi hudhani sukari imeshuka, wakanywa soda wakalala. Naumia kila nikisikia habari hiyo, kwa sababu msuli wa moyo ukishakufa haurudi. Pimeni sukari, ndiyo, lakini mgonjwa awahishwe hospitali. Kipimo cha ECG, yaani cha umeme wa moyo, hutakiwa kifanyike ndani ya dakika 10 tangu afike, hivyo mkiwa mapokezi semeni wazi: ana kisukari, tunahofia moyo.

Swali: Kwa nini wenye kisukari hufariki zaidi wodini kuliko wengine waliopata mshtuko kama huohuo?

Kuchelewa kufika ni sababu mojawapo. Pia mishipa yao ya moyo mara nyingi imeziba sehemu nyingi, damu yao huganda upesi, na wengi huja na figo zilizokwisha kuchoka. Moyo wao nao ni mwepesi zaidi wa kushindwa kusukuma damu baada ya mshtuko.

Swali: Mama hajala tangu jana, lakini sukari yake imefika 17 (mmol/L). Wauguzi wamezembea?

Hapana, dada. Mwili ukishtuka hutoa homoni zinazopandisha sukari hata tumbo likiwa tupu. Kwa kawaida madaktari huanza kuishusha, mara nyingi kwa insulini, ikipita 10. Wala msiwashinikize waishushe mno. Utafiti mkubwa wa mwaka 2009, uliohusisha wagonjwa mahututi zaidi ya 6,000 wa maradhi mbalimbali, ulionyesha kuwa waliobanwa sukari ibaki kati ya 4.5 na 6 walikufa zaidi kuliko wale ambao lengo lao lilikuwa isizidi 10. Sukari ikishuka sana, moyo uliojeruhiwa unaweza kupoteza mapigo yake.

Swali: Stenti au upasuaji?

Mshipa ukiziba ghafla, huzibuliwa kwanza kwa puto na stenti (kibomba kidogo cha wavu kinachoachwa ndani kuuweka mshipa wazi), maana hapo ni mbio. Hali ikitulia na kuonekana kuwa mishipa kadhaa imebana, ulizeni habari ya upasuaji wa kupandikiza mishipa. Utafiti wa FREEDOM, uliotolewa 2012, ulionyesha kuwa wenye kisukari wa aina hiyo waliopasuliwa walikufa na kupata mshtuko kwa uchache kuliko waliowekewa stenti, ingawa kiharusi kiliwapata zaidi.

Swali: Nimeruhusiwa na najisikia vizuri. Naweza kupumzisha dawa?

Usiache hata moja kabla ya kuonana na daktari wako, hasa zile za kuzuia damu kuganda. Stenti mpya ikikosa dawa hizo inaweza kuziba.