Yesu alishazaliwa, Majilio tunamkaribisha vipi?

SWALI: Tumsifu Yesu Kristo, Padre. Nauza vitenge Kariakoo, na Desemba ndio mwezi wangu wa mavuno. Nafika nyumbani Kimara saa tatu usiku, hoi. Tena Yesu alishazaliwa. Namkaribisha vipi mtu aliyekwisha kuja?

JIBU: Milele na milele, amina. Mama, tuanze na hilo la mwisho. Majilio, yaani majuma manne hivi ya kujiandaa kwa Noeli (Krismasi), si igizo la kujifanya Yesu hajazaliwa. Mtakatifu Bernardo wa Clairvaux alifundisha kuwa Bwana ana majilio, yaani ujio, matatu: alikuja katika mwili, atakuja katika utukufu, na katikati hapo anakuja kwa siri moyoni mwa anayeshika neno lake. Ujio huo wa katikati ndio unaokuhusu usiku huu, ukiwa hoi hivyo hivyo.

Nyumbani weka shada la Majilio, yaani duara la matawi lenye mishumaa minne. Mishumaa mitatu ya zambarau, na mmoja wa rangi ya waridi kwa Dominika ya tatu. Ukikosa rangi, minne myeupe inatosha. Shada ni desturi, si amri. Matawi ya mvinje yanafaa, ila yakikauka hushika moto upesi, kwa hiyo yabadilishe kila wiki na usiache mishumaa ikiwaka peke yake. Zima na pangaboi. Wengi huwasha yote minne siku ya kwanza kwa kuwa inapendeza, basi hamna tena cha kungoja. Washa mmoja, kila Dominika ongeza mwingine. Dakika kumi tu: Injili ya siku, kimya kidogo, Baba Yetu. Simu ibaki chumbani.

Kitubio usikiweke hadi mkesha wa Noeli, foleni ikiwa ndefu na mtu anaungama mbiombio. Uliza ratiba parokiani sasa, uende kabla ya tarehe 17 Desemba.

Halafu Kariakoo yenyewe. Watu walimwuliza Yohane Mbatizaji, “Tufanye nini?” (Luka 3:10-14). Hakuwaambia waache kazi. Watoza ushuru wasitoze kupita kiasi, askari watosheke na mshahara wao, mwenye kanzu mbili ampe asiye nayo. Kwako wewe, pisi ya yadi sita iwe sita kweli, si tano na nusu. Na binti anayekusaidia dukani alipwe kabla ya Noeli, asiambiwe “subiri Januari”. Kwangu hili lina uzito kuliko shada, nalo unaweza kulifanya saa nne asubuhi, wateja wakiwa wamejaa.