Bao la marehemu baba: je, kucheza na watoto nyumbani ni haramu?

SWALI

Sheikh, Assalaam alaykum. Mimi ni mama wa watoto wanne, naishi Mikindani. Msimu wa korosho mume wangu hukaa Tandahimba wiki nyingi, na usiku baada ya Isha mimi na wanangu hutandika jamvi tukacheza bao aliloliacha marehemu baba yangu, au drafti, karata na ludo. Hatuwekeani pesa. Kijana wangu mkubwa, mwenye miaka 16, alikuwa amezoea kijiwe cha kubeti, na michezo hii ikawa inamrudisha nyumbani mapema. Mwezi uliopita kaka yangu, mjomba wao, alitukuta tunacheza. Akasema kila mchezo wa Muislamu ni batili, dadu ni nyama ya nguruwe, na baada ya Isha ni kulala tu. Bao akalipasua kwa shoka, karata akazitia jikoni. Tangu siku ile kijana amerudi kijiweni. Je, nilikuwa nawaingiza wanangu katika dhambi?

JIBU

Wa alaykumu s-salaam wa rahmatullah. Dada yangu, nimekaa na swali lako siku kadhaa, kwa sababu ndani yake mna shoka na mna mtoto aliyetoka nyumbani, na mambo hayo mawili yamenishughulisha kuliko hukumu yenyewe uliyoiuliza.

Uharamu wa kamari sitaurefusha, kwani Aya za 90 na 91 za Suratul Maida tunazisoma sote. Ninayotaka kuyapima ni yale aliyoyasema kaka yako.

Ameanza na Hadithi ya Uqba bin Amir, waliyoipokea Abu Daud na Tirmidhi, kwamba kila anachojifurahisha nacho Muislamu ni batili. Lakini Hadithi hiyo haikuishia hapo. Mtume, rehema na amani zimshukie, alivua mambo matatu: kutupa mshale, kumfunza farasi, na mtu kucheza na ahli zake. Nastaajabu mno mtu kuingia nyumba ya mama anayecheza na wanawe, akaikata Hadithi kabla ya maneno yanayowataja watu wa nyumbani, kisha akalikata na bao. Hata tukiliacha hilo, neno "batili" hapa halina maana ya haramu. Imam Ghazali katika kitabu chake Ihya amelieleza waziwazi: linaonyesha kukosekana kwa faida, na jambo lisilo na faida si lazima liwe dhambi. Mtume mwenyewe alishindana mbio na Bi Aisha safarini, akashindwa. Baadaye, Bi Aisha alipokuwa amenenepa, wakashindana tena naye Mtume akashinda, akamwambia kwamba ushindi huu ni malipo ya ule wa kwanza. Hiyo nayo imo kwa Abu Daud, na sidhani kama kaka yako hajawahi kuisikia.

Kuhusu dadu, namkubalia kwa sehemu, wala sitaificha haki kwa sababu tu nimeudhika naye. Katika Sahih Muslim, Buraida amepokea kwamba mwenye kucheza nardashiri ni kama aliyechovya mkono wake katika nyama ya nguruwe na damu yake. Nardashiri ni mchezo wa dadu. Kauli sahihi katika madhehebu yetu ya Shafii ni kwamba ni haramu hata bila ya kuwekeana mali, ijapokuwa Abu Is-haq al-Marwazi, naye ni katika wakubwa wa madhehebu haya, ameona ni makuruhu, yaani lichukizwalo lisilofika haramu. Ludo huendeshwa kwa dadu, kwa hiyo nakushauri uiweke kando. Sikusemi kwa yaliyopita. Ulicheza bila ya kujua na bila ya kamari.

Kosa la kaka yako ni kuichukua hukumu ya dadu akaibandika kwenye bao. Ibn Hajar al-Haytami, mwanachuoni wa madhehebu yetu, katika kitabu chake Tuhfatul Muhtaj, ameweka kipimo alichokitoa kwa Imam Rafii: mchezo unaotegemea hesabu na fikra hauharamishwi, na unaotegemea kubahatisha unaharamishwa. Na katika mfano wa ule usioharamishwa ameutaja kwa jina mchezo wa manqala, akaueleza kuwa ni vishimo au mistari ambayo kokoto huhamishwa humo kwa hesabu, maadamu hesabu hiyo haifuati kinachotokea katika kurusha kitu cha kubahatisha, mfano wa dadu. Dada yangu, hilo ni bao! Ni mashimo 32 na kete 64, na aliyekaa nalo anajua kwamba mchezaji hukunja uso muda mrefu kabla ya kuchota, akizifuata kete kwa macho ajue zitaishia shimo gani na kama atakula au atatakata tu, yaani atazisambaza kete bila ya kula. Hakuna dadu hapo wala bahati. Drafti nayo ni hivyo hivyo.

Ni kweli kwamba sataranji (chesi), ambayo ni jamaa ya drafti, imeharamishwa na wanazuoni wengi wa madhehebu nyingine, na kwetu imehesabiwa kuwa ni makuruhu, na huwa haramu ikiingiwa na dau, ikipitisha wakati wa swala au ikileta matusi. Mwenye kuiacha kwa uchaji Mungu namheshimu. Ila jambo walilohitilafiana wanazuoni halikatazwi kwa shoka.

Karata sizitolei hukumu moja. Wapo wanazuoni wa madhehebu yetu walioziweka upande wa dadu, kwa kuwa mtu hajui atakachogawiwa. Na wapo wa zama hizi wanaotazama kwamba anayehesabu turufu zilizokwisha kutoka anatumia akili kuliko bahati. Mimi kwa nyumba yako nasema: bao na drafti vinakutosheni, na karata zilizokwisha kuungua usihangaike kununua nyingine. Kijana anayejaribu kutoka kwenye kubeti hahitaji kuzoea kungoja kitu kizuri kimwangukie mkononi.

Na jihadharini na dau dogo. Watoto wetu wa huku hawana pesa lakini korosho wanazo, na nimewaona wakiwekeana kumi kumi, aliyefungwa anatoa. Hiyo ni kamari, hata kama ni korosho. Mtume amesema katika Hadithi ya Bukhari na Muslim kwamba mwenye kumwambia mwenzake "njoo nicheze nawe kamari" na atoe sadaka. Ikiwa kule kutamka tu kunataka sadaka, basi kutenda ni kuzito zaidi.

Ama usiku baada ya Isha, ni sahihi kwamba Mtume alichukia mazungumzo baada yake, lakini Bukhari huyo huyo ameweka mlango maalumu wa kukesha kwa mazungumzo na ahli na mgeni. Muhimu ni Alfajiri isiwapite.

Sasa kuhusu kaka yako. Bao lile ni mali ya mirathi, halali kulimiliki, na aliyeiharibu mali halali ya mtu anadaiwa thamani yake. Hata hivyo sikwambii uende kumdai. Najua huku kwetu mjomba ana neno juu ya watoto wa dada yake, na wewe kusimama naye uso kwa uso kutawagawa ndugu. Mume wako atakaporudi ampelekee majibu haya, wakae pamoja na mzee mmoja wanayemheshimu wote wawili. Kama kaka yako ana kitabu kingine, akilete tukisome.

Kijana wako usimngoje mpaka baba yake arudi. Mwambie kwamba mchezo mliokuwa mkicheza haukuwa haramu, kwa sababu huenda amejisemea kwamba kama nyumbani ni haramu na kijiweni ni haramu, basi bora kule kwenye wenzake. Vijana wanaiita mkeka ile karatasi ya kubetia. Wewe mtandikie jamvi. Wala huna haja ya kusubiri fundi achonge bao jipya. Uani pana mchanga: mpe yeye kazi ya kuchimba mashimo, safu nne za manane, wadogo zake waokote kokoto 64, na usiku wa leo baada ya Isha, yeye ndiye aanze kunamua, kuingiza kete ya kwanza mchezoni.

Wallahu a'lam.