Kutoka tii hadi pee: barua kuhusu neno "albedo"

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeupata jana usiku, nikaona jibu lake si la kuandika kwa kidole kwenye simu. Unasema mnafunga zile paneli za jua zinazonasa mwanga kwa juu na kwa chini, na kwenye fomu mmetakiwa kujaza "albedo ya ardhi", yaani sehemu ya mwanga ambayo ardhi inairudisha juu. Ukaniuliza: baba, hili si neno la Kiarabu, kama aljebra? Nimecheka, maana nami nilipolikuta mara ya kwanza chuoni nilidanganywa na "al" hiyo hiyo.

Si Kiarabu. Mwarabu kitu cheupe anakiita abyadh. Albedo ni Kilatini, maana yake weupe, na limetoka kwenye albus, yaani -eupe. Ndugu zake unawajua. Albamu ya picha za harusi yetu pale kabatini asili yake ni ubao mweupe ambao juu yake Warumi waliandika matangazo ya serikali. Neno albino nalo ni la ukoo huo, limepitia kwa Wareno.

Warumi walikuwa na weupe wa namna mbili. Candidus ni weupe unaometa. Albus ni weupe uliotulia, kama ukuta uliopakwa chokaa. Sayansi ikashika albus, na kwangu mimi ilishika lililo sawa, kwa sababu albedo haipimi mng'ao. Bahari saa sita mchana inametameta mpaka unafumba macho, kumbe inarudisha chini ya sehemu moja ya kumi ya mwanga inaoupokea. Ukuta wa chokaa haumeti hata kidogo, lakini unarudisha zaidi ya nusu.

Waalkemia, wale waliotafuta kugeuza madini kuwa dhahabu, walikuwa na neno albedo tangu zamani. Kwao albedo ilikuwa hatua ya kazi yao ambapo kitu kilichokuwa cheusi husafishwa kikawa cheupe. (Hapo ndipo penye "al" yako ya kweli: alkemia ni al-kimiya.) Aliyelileta kwenye vipimo vya mwanga ni Johann Heinrich Lambert, mwaka 1760, katika kitabu chake Photometria. Huyu alikuwa mtoto wa fundi cherehani wa Mulhouse, mji ambao leo uko Ufaransa. Aliacha shule akiwa na miaka 12 ili amsaidie baba yake, akaendelea kujisomea mwenyewe. Halafu wewe ulikuwa unanililia kwa ajili ya tuisheni.

Kipimo chenyewe ni rahisi: mwanga uliorudi, gawanya kwa mwanga uliofika. Kwa Kiswahili ningesema tu kwamba 0 ni nyeusi tii na 1 ni nyeupe pee, na vitu vyote viko katikati. Theluji iliyoanguka sasa hivi hupita 0.8. Dunia yetu kwa ujumla, pamoja na mawingu yake, ni kama 0.3. Mwezi ni kama 0.12 tu, sawasawa na lami iliyochakaa. Tunauona mweupe kwa kuwa unapigwa na jua huku nyuma yake ni giza tupu. Miaka yote hii nimekuwa nikimwita mama yako mwezi. Usimwambie.

Sasa fomu yenu. Nyasi mbichi ni kama 0.2, mchanga mkavu mweupe kama 0.4. Kwa picha ulizonitumia, mimi ningeanza na 0.2, ila msikubali namba ya kukisia, hata ikiwa ya baba. Chukueni vipima-mwanga viwili vinavyofanana, kimoja kitazame mbinguni, kingine kitazame chini, kisha gawanyeni cha chini kwa cha juu. Na mpime mara mbili, udongo ukiwa mkavu na tena baada ya mvua, maana udongo ukiloa huwa mweusi na namba inashuka.

Mama anakusalimu.

Baba yako