Kabla Hujausugua Upanga wa Kijapani wa Vitani

Upanga wa kwanza wa Kijapani nilioumiliki niliuharibu kwa mikono yangu. Niliununua mnadani hapa Uingereza, nikautoa mpini, nikakuta msuka, yaani ile sehemu ya chuma inayozama ndani ya mpini, umejaa kutu nyeusi. Nikausugua kwa msasa hadi ukang'aa. Baadaye nikajifunza kwamba kutu ile ndiyo wajuzi huitazama wanapokadiria umri wa upanga, na jina la mhunzi lililochongwa pale nilikuwa nimelifuta nusu nzima. Mpaka leo inaniuma.

Kwa hiyo bibi jirani yangu aliponiletea upanga wa marehemu baba yake, nilikwenda taratibu. Mzee huyo alikuwa ofisa katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyopita bonde la Kabaw huko Burma mwaka 1944, askari wake wengi wakiwa babu zetu wa KAR (King's African Rifles), jeshi la Waingereza wakati wa ukoloni Afrika Mashariki.

Anza na mpini. Ukiwa wa chuma kitupu, uliotiwa nakshi na rangi ufanane na uliofungwa kamba, huo ni upanga wa sajini, aina iliyoanza mwaka 1935. Huo ni wa kiwandani. Usihangaike kutafuta jina la mhunzi. Soma namba iliyopigwa kwenye bapa karibu na mpini, kisha ilinganishe na ya kwenye ala. Zikitofautiana, vitu viwili vimekutanishwa.

Upanga wa ofisa una mpini wa mti uliofungwa kamba, na jina, likiwepo, limejificha ndani. Kuna kijiti cha mwanzi kinachoushikilia mpini. Upande mmoja ni mwembamba. Kisukume kutokea huko. Kisha shika mwisho wa mpini kwa mkono wa kushoto, ncha ya upanga ikitazama juu, na ugonge kifundo cha mkono huo kwa ngumi ya kulia, polepole, hadi msuka ulegee. Ukikataa, uache. Nyundo hapana.

Sasa usifute chochote, hata namba za rangi zilizoandikwa na mafundi wa kiwandani. Mulika tochi kutoka ubavuni, herufi zitajitokeza kwa kivuli. Piga picha ncha ikiwa juu, kwa sababu maandishi husomwa kushuka chini.

Kwa kawaida jina huwa upande mmoja na tarehe upande wa pili. Tarehe hufuata miaka ya enzi ya Showa, yaani utawala wa mfalme Hirohito: ongeza 1925. Alama kama msalaba ni 10, mistari iliyolala ni 1, 2 au 3. Wa jirani yangu ulisomeka Showa 17, yaani 1942.

Tazama pia chapa ndogo, maana hapo ndipo watu wengi hudanganywa kwenye bei. Chapa ya herufi ya Seki, mji wa wahunzi katika mkoa wa Gifu, kwa kawaida humaanisha upanga haukufuliwa kwa njia ya jadi. Nyota ni habari nyingine: ni chapa ya wahunzi waliokubaliwa na jeshi na kupewa chuma cha jadi. Nanga ni ya jeshi la majini. Na upanga usio na jina usiudharau, kwani maofisa wengine walivisha vifaa vya kijeshi panga za ukoo zenye umri wa karne kadhaa.

Usiupeleke Japani kung'arishwa kabla ya kujua hayo. Panga zisizofuliwa kijadi hazisajiliwi kule. Hapa Uingereza nako tarehe ina uzito, kwa kuwa sheria ya panga zilizopinda huziachilia zilizotengenezwa kabla ya 1954.

Wa jirani yangu una chapa ya Seki, hivyo si wa pesa nyingi. Lakini kichwani mwa mpini tulikuta alama ndogo ya fedha, nembo ya ukoo wa ofisa wa Kijapani aliyeubeba. Bibi ameniomba tuitafute familia hiyo.