Mabaka usoni: ndimu iache

SWALI: Assalaam alaykum. Nina miaka 34, nalima mwani. Tangu mimba ya pili nimetoka mabaka ya kahawia mashavuni na juu ya mdomo. Shoga yangu alinipa krimu ya kuchanganya, kikopo hakina jina. Mwezi wa kwanza uso ulitakata. Sasa nikiikosa siku mbili unawaka na kuwasha, na mabaka yamezidi weusi. Nipake ndimu?
Mama wa wawili, Jambiani

JIBU: Wa alaykum salaam, dada yetu. Ndimu iache kabisa. Ukiipaka kisha ukapigwa na jua, ngozi huungua, na palipoungua ndipo panapobaki weusi.

Homoni za mimba huchochea rangi ya ngozi, jua likaizidisha. Sindano na vidonge vya uzazi wa mpango navyo huweza kuchangia. Ukivitumia, muulize muuguzi habari ya kitanzi cha shaba, kisichokuwa na homoni.

Tunayoihofia zaidi ni hiyo krimu. Uso kuwaka ukiikosa ni dalili ya steroidi kali (dawa ya kutuliza uvimbe na muwasho wa ngozi), na krimu zisizo na jina huweza kuwa na zebaki, inayodhuru figo na hata mtoto anyonyaye. Iache, na wiki hii mpelekee daktari wa ngozi kikopo chenyewe akione. Mwako huweza kuzidi kwa wiki kadhaa kabla ya kutulia. Wengi hunasa hapo, wakairudia krimu ili wapoe. Kwa sasa osha uso kwa maji matupu, upake vaselini nyembamba. Singo usijisugue: kila mchubuko huacha doa.

Jua ndilo la kupigana nalo kila siku. Bamvua unainama saa nyingi, na mwanga hukurudia kutoka majini. Kofia ya ukili huzuia wa juu tu. Funika mashavu kwa mtandio, na upake losheni ya jua ya SPF 50 (kiwango cha kinga ya jua) isiyotoka upesi majini, ikiwezekana yenye rangi ya ngozi, maana hiyo huzuia hata mwanga wa kawaida unaokoleza mabaka. Kipimo ni mistari miwili, urefu wa kidole cha shahada na cha kati, kwa uso na shingo. Rudia kila saa 2.

Mwako ukishatulia, mwulize daktari kuhusu krimu ya kufifisha mabaka yenye asidi ya azelaiki ya asilimia 20, ambayo hata anayenyonyesha huweza kutumia. Jaribu kwanza nyuma ya sikio kwa siku 3. Kisha paka kiasi cha punje ya kunde, usiku mmoja ndiyo mmoja hapana, kwa wiki 2, halafu kila usiku. Usiihukumu kabla ya miezi 3.

Ukiona vidoti vya weusi wa kibuluu kama vumbi la makaa, mwonyeshe daktari: haidrokwinoni, dawa ya kung'arisha ngozi, iliyotumika muda mrefu huweza kuvileta, na hivyo havitoki kwa krimu nyingine.