Maswali ya sheria: Nimeletewa samansi na kesi si yangu

SWALI: Naishi Dallas, Texas, nahudumia wazee. Rafiki yangu ameshtaki kampuni tuliyokuwa tunafanya kazi zamani, anadai ovataimu, kesi iko mahakama ya shirikisho. Jumatatu kuna mtu kanifata kazini kaniachia samansi, eti Ijumaa ya wiki ijayo nipeleke meseji zangu ZOTE za WhatsApp tangu 2021 kwa mawakili wa kampuni huko Oklahoma City. Rafiki anasema muda wa kukusanya ushahidi ulishafungwa mwezi uliopita. Alafu haina sahihi ya jaji, kasaini wakili tu. Watu wananiambia nitupe. (Msomaji, Dallas)

JIBU: Dada usitupe, tafadhali sana. Hao wanakupotosha, maana kwenye mahakama za shirikisho huko Marekani kanuni ya 45 ya kesi za madai inamruhusu wakili kusaini samansi kama ofisa wa mahakama, na ukiipuuza bila sababu ya msingi jaji anaweza kukutia hatiani kwa kudharau mahakama. Na usifute meseji hata moja, hata zile za umbea, kufuta baada ya kupewa karatasi ndo kunamharibia mtu kabisa.

Ila kutotupa sio kupeleka kila kitu. Wametaka nyaraka tu, hawajakuita kuhojiwa, kwahiyo unaruhusiwa kuandika barua ya pingamizi kwa wakili aliyesaini, wala huanzi kwa jaji. Shida ni siku: pingamizi lifike kabla ya tarehe waliyotaja au ndani ya siku 14 tangu uletewe, inayotangulia ndo inahesabika, na wengi wanashika hiyo 14 tu wanalala. Kwako inatangulia Ijumaa, basi barua iwe imefika Alhamisi, itume kwa imeili na kwa posta ya kusainiwa, tunza risiti. Ukiwahi, hukabidhi kitu mpaka wao waende mahakamani wapate amri.

Uandike nini? Kwanza umbali, mpaka ni maili 100, kama kilomita 160, kutoka unapoishi au unapofanyia kazi, na Oklahoma City imevuka hapo. Alafu ukubwa wa wanachotaka, na hapa mi naudhika kweli, meseji zote za miaka yote zinahusiana nini na ovataimu ya mtu mwingine, humo kuna mama yako, kuna daktari, kuna mambo ya kikoba na watoto, huko ni kutupa nyavu bahari nzima wakati kanuni hiyohiyo inamtaka wakili ajihadhari asimbebeshe mtu mzigo usio wa lazima. Kama kuna mazungumzo machache na rafiki yako kuhusu saa za kazi, andika kwamba hayo uko tayari kuyajadili, ikifika kwa jaji utaonekana mtu wa maana. Na dedilaini pia itaje: mahakama nyingi za shirikisho zinahesabu samansi kama hii kuwa sehemu ya kukusanya ushahidi, kwahiyo ikitoka baada ya muda wa jaji imechelewa, mpaka wamwombe nyongeza na waonyeshe sababu nzuri. Mwambie rafiki amjulishe wakili wake leo, maana alitakiwa apewe taarifa na nakala kabla wewe hujaletewa.

SWALI: Mi nimeshtaki mwenyewe bila wakili, mahakama ya shirikisho pia. Wamenipa orodha ya mambo nikubali au nikane, mengi uongo mtupu. Si nitamwambia jaji siku ya kesi? (Msomaji, Columbus, Ohio)

JIBU: Usisubiri kaka! Una siku 30 tangu uletewe, ukikaa kimya kila sentensi inahesabika umeikubali, na ya uongo ikiwemo. Jibu moja moja kwa maandishi, saini, wapelekee. Kama 30 zimeshapita, peleka ombi mahakamani leo leo la kuondoa huko kukubali, kabla hawajatumia huko kukubali kuomba kesi iamuliwe bila kusikilizwa.