Mkasi ukitoka mkononi mwangu, mimi ni fundi gani?

SWALI: Nashona mwaka wa 14 sasa, na nina wasichana wawili wanaojifunza kwangu. Wanashona vizuri, ila kukata nakata mwenyewe, kila nguo. Oda zinachelewa, usiku silali, na suti ninayotamani kujifunza sina muda nayo. Nikitaka kumpa mmoja wao mkasi, roho inakataa. Wateja wanafuata mkono wangu. Nisipokata, mimi ni fundi gani?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Dada yetu, roho haikatai bure. Miaka yote hii umejijua kwa jambo moja: nguo ikipita mkononi mwako, inakaa. Lakini jiangalie mteja anapojaribu gauni. Unaona bega limeanguka robo inchi, unabana pini. Hilo ni jicho, na jicho halihitaji mkasi. Ndilo unalopaswa kuwarithisha hao wasichana.

Usianze na nguo ya mteja. Nunua kitambaa cha marekani yadi tano na karatasi za kaki za kuchorea pateni, yaani umbo la kila kipande cha nguo kabla ya kukikata. Waanze na sketi nyoofu. Blauzi isubiri, kwapa na bega ni vigumu kurekebisha vikishakatwa vibaya. Nyonga ikiwa inchi 40, robo yake ni 10. Aongeze nusu inchi ya kupumulia, kisha inchi 1 ya mshono ubavuni. Hiyo inchi usiibanie: aliyekata pana atapunguza, aliyekata nyembamba kitambaa kimeshakwenda. Akate, ashone, amvalishe mwenzake. Sketi tatu zikikaa bila wewe kugusa, mpe kitenge cha mteja asiye na haraka.

Kabla hajakata, mwulize: maua yanatazama juu? Kitenge chenye ndege kikigeuzwa, mgongo unatoka kichwa chini. Na pateni ya mkono ameigeuza? Akikata mmoja mmoja bila kuigeuza, mikono yote miwili inakuwa ya kushoto. Hapo hakuna kurekebisha, ni kununua kitambaa kingine.

Utakapoteleza ni usiku. Wasichana wameondoka, unaiona sketi imepinda, unaifumua uishone upya. Tafadhali usifanye hivyo. Weka alama ya chaki penye kosa, asubuhi afumue mwenyewe. Ukimfumulia, yeye hajifunzi na wewe umerudi pale pale pa kufanya yote peke yako.

Mteja akiuliza nani amekata, mwambie kweli: "Amekata msichana wangu, nimekagua mimi." Kuchukua vipimo na kujaribisha baki navyo. Satini ya harusi pia endelea kuikata wewe kwa sasa. Inateleza mezani, hata mkono uliozoea inausumbua.

Wiki za kwanza mikono itakuwasha. Saa hizo zipe suti yako, na ujue utarudi kuwa mwanafunzi: kola ya kwanza itapinda kama sketi ya msichana wako. Nayo ikate kwanza kwenye marekani.